Shotgani, marisau na ukuta wa jipsamu: risasi ipi inafaa kulinda nyumba?

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya tofali akihamia Marekani, kuna jambo humchukua muda kulizoea: ukuta wa ndani unalia kama ngoma. Ugonge kwa kifundo cha kidole, ule unaotenga chumba chako na chumba cha mtoto, utasikia uwazi ndani yake. Ni bodi mbili za jipsamu, mara nyingi kila moja ina unene wa milimita 12.7, zimepigiliwa kwenye nguzo nyembamba za mbao, na kati yake kuna hewa tu. Tofali la saruji la inchi sita tulilolizoea halimo. Kisu kikali cha jikoni kinaweza kuupita ukuta huo ukiamua.

Nimeanza na ukuta kwa makusudi. Wenye shotgani za kulinda nyumba wakiulizana waweke risasi gani, mazungumzo huanzia kwenye rafu za duka, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Mmoja atakwambia weka marisau ya ndege, vile vidonge vidogo vya kuwindia ndege, kwa sababu hayapiti ukuta. Wa pili atasema bila marisau makubwa ya "sufuri mbili" unajidanganya. Wa tatu atataka donge moja zima, lile linaloangusha nyati. Kila mmoja ameshika ukweli kidogo, na ameuacha mwingine nje. Ninazungumzia Marekani zaidi, kwa kuwa huko ndiko raia wa kawaida anaruhusiwa kuweka shotgani chumbani kwa ajili ya ulinzi, na ndugu zetu wengi wanaishi huko.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kiswahili kimelipa neno "risasi" kazi mbili: ni yale madini mazito, laini, ya kijivu, na ni kitu kinachopakiwa kwenye bunduki. Humu nikisema risasi nina maana ya kitu kizima, ganda na vilivyomo. Vile vidonge vya mviringo vilivyo ndani nitaviita marisau, na kimoja kimoja nitakiita punje.

Ukiona risasi ya shotgani iliyopasuliwa kwa urefu (usipasue yako, maana fataki iliyomo ni hai), utashangaa jinsi ilivyo sahili. Chini kuna kitako cha shaba, na katikati ya kitako kuna fataki ndogo inayogongwa na pini. Juu yake baruti, kama kijiko kimoja hivi. Juu ya baruti kuna kikombe cha plastiki chenye kuta zilizochanwa, na ndani ya kikombe hicho marisau yamejaa. Mdomo wa ganda umekunjwa kwa ndani kama ua lililofumba. Baruti ikiwaka inasukuma kikombe, kikombe kinabeba marisau hadi nje ya mtutu, kisha upepo unakifungua na marisau yanaendelea peke yake. Kikombe hicho kinaonekana kama takataka ukikiokota chini, lakini kina maamuzi makubwa kuliko watu wanavyodhani, na nitakirudia.

Namba ya kwanza kwenye boksi ni geji. Hii ni hesabu ya zamani: chukua pauni moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453 na kidogo, igawanye kuwa tufe 12 zilizo sawa. Mtutu ambao tufe moja kati ya hizo inaingia barabara ni geji 12, upana wake kama milimita 18.5. Ukigawanya pauni hiyo hiyo mara 20, tufe zinakuwa ndogo, na mtutu wa geji 20 una milimita 15.6. Kwa hiyo namba ikikua, mtutu unapungua. Ile inayoitwa .410 haimo kwenye hesabu hii kabisa. Hiyo ni kipenyo cha mtutu kwa inchi.

Hapa kuna hatari ya kweli ya kusimama nayo kidogo. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 haikwami mlangoni. Inateleza, inapita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, inakaa mbele kidogo ndani ya mtutu, na mtu akichungulia chemba anaona tupu. Akipakia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana viwanda vya Marekani viliipa geji 20 rangi ya njano tangu miaka ya 1960. Nyumba yenye bunduki za geji mbili tofauti haipaswi kuwa na droo moja ya risasi. Na urefu nao usomwe. Bunduki iliyoandikwa inchi 2¾ ubavuni mwa mtutu haipaswi kupewa risasi ya inchi 3, hata kama inaingia. Inaingia kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukifunguka wakati wa kufyatua hauna pa kukaa, na presha inapanda.

Namba ya pili, ya ukubwa wa marisau, ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kuna ngazi mbili na zote zinatumia namba zile zile. Ngazi ya kwanza ni marisau ya ndege. Kipenyo chake unaweza kukipata bila jedwali: toa namba kwenye 17, jibu ni kipenyo kwa mia za inchi. Namba 8 inabaki 9, yaani 0.09 ya inchi, milimita 2.3. Namba 4 inabaki 13, milimita 3.3. Ngazi ya pili ni marisau makubwa, yaliyotengenezwa kwa ajili ya paa na wanyama wa ukubwa huo. Humo namba 4 ina milimita 6.1, namba 1 ina 7.6, kisha zinafuata sufuri: moja, mbili, tatu. Sufuri mbili, yaani 00, ndiyo maarufu kuliko zote, ina milimita 8.4.

Kwa hiyo ukimwambia muuzaji "nipe namba 4" bila kutaja ni ya ngazi ipi, unaweza kurudi nyumbani na punje ambazo uzito wake ni kama sehemu moja ya sita ya ulizokusudia. Kenya na Tanzania tulirithi majina ya Waingereza, na aliyewahi kufanya kazi na askari wa wanyamapori au walinzi huenda ameiona herufi SG kwenye ganda. Hiyo inakaribiana sana na 00 ya Wamarekani.

Sasa tupime. Punje moja ya 00 ina kama gramu 3.5. Punje moja ya namba 8 ina kama gramu 0.07. Inahitajika punje 50 za ndege kufikia uzito wa punje moja ya 00. Zote zinatoka mtutuni kwa kasi inayolingana, kwenye mita 350 hadi 400 kwa sekunde. Lakini kokoto na mchanga ukivirusha kwa nguvu ile ile, unajua kipi kitafika mbali. Punje ndogo inapoteza mwendo upesi mno, hewani na ndani ya nyama.

Watu wengi wameshuhudia jambo hilo kupitia habari moja ya Texas. Tarehe 11 Februari 2006, Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, akiwinda kware kwenye shamba la Armstrong, aligeuka kufuata ndege na kumpiga mwenzake, wakili Harry Whittington, mzee wa miaka 78. Bunduki ilikuwa geji 28, marisau namba 7½, umbali kama mita 27. Punje zilimwingia usoni, shingoni na kifuani. Punje moja ilisogea hadi kwenye moyo na kumletea mshtuko mdogo wa moyo siku chache baadaye. Alitoka hospitali ndani ya wiki moja, na aliishi hadi 2023, akiwa na miaka 95, baadhi ya punje zikiwa bado mwilini. Mwili wa mzee ulipokea zigo la marisau ya ndege na akaendelea kuwa na fahamu zake.

Ukimpiga mtu kwa marisau hayo hayo akiwa mita mbili mbele yako mambo ni tofauti. Kwa umbali huo punje bado zimeshikana ndani ya kikombe chake, zinagonga kama kitu kimoja, na jeraha linatisha. Linaweza kuua. Ila ni jeraha pana lisilo na kina, na hapo ndipo suala zima linapolala.

Kina kina historia yake. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na wanyang'anyi wawili wa benki. Maafisa wawili, Ben Grogan na Jerry Dove, waliuawa, na wenzao watano wakajeruhiwa. Mmoja wa wanyang'anyi, Michael Platt, alipigwa mapema na risasi ya bastola iliyopita kwenye mkono, ikaingia kifuani na kusimama ikiwa imebakiza kama inchi moja kufikia moyo. Jeraha lile lingemuua baadaye. Lakini "baadaye" ilikuwa dakika kadhaa, na ndani ya dakika hizo alifanya maafa makubwa. Baada ya hapo FBI iliita madaktari na wataalamu, akiwemo Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyekuwa akichunguza majeraha ya risasi kwa kuzifyatua kwenye jelatini iliyochanganywa ili ifanane na nyama. Kipimo walichokiweka ndicho kinachotumika mpaka leo: risasi ipenye angalau inchi 12 za jelatini, sentimita 30, na isizidi sana 18, sentimita 46.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sentimita 30, wakati kifua cha mtu hakina unene huo. Jibu ni kwamba mtu anayekushambulia hasimami kama picha ya pasipoti. Amekaa upande, ameinua mikono mbele, amevaa koti la baridi, na risasi inalazimika kupita mkono kwanza ndipo ifike ndani. Marisau ya ndege kwenye jelatini hiyo husimama kwenye sentimita 10 hadi 15. Marisau ya 00 huvuka 45 mara nyingi. Namba 1 hukaa katikati ya kipimo, na namba 4 ya ngazi kubwa hugusa mpaka wa chini, mara imefika mara haikufika.

Ukishayaona hayo, hoja ya "marisau ya ndege hayapiti ukuta" inaonyesha upande wake wa pili. Nyama ya mwanadamu inazuia zaidi kuliko bodi mbili za jipsamu. Kitu chenye nguvu ya kufika ndani ya kifua cha mtu mzima lazima kiwe na nguvu ya kupita ukuta ule unaolia kama ngoma. Haiwezekani upate cha kwanza bila cha pili, na sijui kiwanda kilichoweza kuvitenganisha. Isitoshe, hata marisau ya ndege yakifyatuliwa kutoka upande wa pili wa chumba mara nyingi hupita ukuta mmoja wa ndani, ingawa yakitokea huko yamechoka. Marisau ya 00 hupita kuta kadhaa, na donge zima, slagi yenye gramu 28 na kasi inayokaribia mita 480 kwa sekunde, linaweza kutoka nje ya nyumba na kwenda kwa jirani. Slagi ni ya msituni na mashambani. Anayeishi kwenye apatimenti yenye familia juu, chini, kulia na kushoto, sioni ni hesabu gani itamfikisha kwenye slagi.

Basi mtu afanye nini? Kwangu mimi jibu linaanza kwa kutambua ni marisau yapi hasa yanayotishia chumba cha jirani. Punje iliyompita mshambuliaji mwilini imeshapoteza sehemu kubwa ya mwendo wake. Punje iliyomkosa haijapoteza chochote. Kwa hiyo hatari kubwa ni punje zinazokosa, na hapo tunarudi kwenye kile kikombe cha plastiki.

Sinema zimetufundisha kwamba shotgani inatandaza moto mlango mzima, huna haja ya kulenga. Si kweli. Kwa mtutu ulio wazi, usiobanwa mdomoni, kanuni ya mkono ni kwamba marisau makubwa hutawanyika kama sentimita mbili na nusu hadi tatu kwa kila mita ya mwendo. Ndani ya nyumba, kutoka kitandani hadi mlangoni ni mita nne, korido ndefu labda saba. Mtawanyiko ni kama sahani ndogo. Anayefyatua bila kulenga atakosa na zigo zima, kama vile angekosa na bastola.

Risasi zilizotengenezwa vizuri hupunguza sahani hiyo ikawa kama kikombe cha chai. Punje hupakwa shaba au hutengenezwa kwa madini magumu zaidi ili zisibonyee wakati wa kusukumwa. Punje iliyobonyea huruka kombo, ilhali ya duara kamili huenda sawa. Katikati ya punje humwagwa unga wa plastiki wa kuzituliza. Na kikombe kinaweza kuundwa kifungukie nyuma, kama breki, badala ya mbele, kikaendelea kuyashika marisau kwa mita kadhaa za kwanza. Kampuni ya Federal inauza risasi za namna hiyo kwa jina la FliteControl. Kuna hata zenye punje 8 za 00 badala ya 9 za kawaida, kwa kuwa wakufunzi wengi wameona ile ya 9 ina tabia ya kutoka nje ya kundi. Punje moja inayotoka nje ya kundi kwenye korido ya nyumba yako ni punje inayotafuta mtu mwingine.

Hivyo nikilazimika kutaja, ningetaja 00 ya punje 8 au 9 iliyopakwa shaba, yenye kikombe cha kubana, na ya nguvu iliyopunguzwa. Namba 1 ni nzuri vilevile, na ukipiga hesabu ya punje 16 zilizoko kwenye ganda la inchi 2¾ dhidi ya 9 za 00, eneo zinalogusa kwa jumla ni kubwa zaidi, na kina chake kiko ndani ya kipimo. Tatizo lake ni kwamba watengenezaji wachache wanaiuza ikiwa imeundwa kwa ubora ule wa 00. Namba 4, punje 27, ina watetezi wake, hasa wanaoishi kwenye nyumba zilizobanana. Ni biashara ya kubadilishana: unapunguza hatari ya ukuta kidogo, unapunguza uhakika wa kina kidogo.

Hiyo nguvu iliyopunguzwa haimaanishi risasi dhaifu. Mita 350 kwa sekunde badala ya 400, kwa umbali wa korido, haibadilishi chochote kwa anayepigwa, bali inabadilisha mengi kwa anayefyatua. Geji 12 ya nguvu kamili hurusha kitako begani kwa teke linalomfanya mtu afumbe macho kabla hajafyatua mara ya pili. Mama mwenye mwili mdogo anayepewa bunduki ya mumewe ya kuwindia, akaambiwa "tumia hii nikiwa kazini zamu ya usiku", amepewa kitu ambacho hajawahi kukimudu. Geji 20 yenye marisau makubwa ingemfaa zaidi. Angalizo moja tu: bunduki zinazojipakia zenyewe hutegemea nguvu ya risasi kufanya kazi, na nyingine hukwama zikipewa risasi laini. Vilevile risasi fupi za inchi 1¾, kama zinazotengenezwa na Aguila ya Mexico, zinapendwa kwa kuwa zinaingia nyingi kwenye magazini, ile bomba la bunduki linalohifadhi risasi, lakini bunduki nyingi za pampu, zinazokokiwa kwa mkono, zinazikataa, zinageuka njiani na kukwama. Usiku wa manane si wakati wa kuligundua hilo.

Kuna mapendekezo mengine ambayo hayanichukui muda. Chumvi ya mawe ni hadithi ya wazee wa mashambani. Risasi za mpira na vifuko vya marisau vinavyotumiwa na polisi vimeua watu, na sheria haioni kwamba ulirusha mpira. Inaona ulimwelekezea mtu shotgani na kufyatua. Kufyatua hewani kwa kuonya kulipata umaarufu Februari 2013, pale Joe Biden, wakati huo Makamu wa Rais, aliposema amemshauri mkewe akihofia jambo atoke kibarazani na shotgani yao afyatue mara mbili. Marisau yaliyopanda hushuka mahali fulani, na kwenye majimbo mengi anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa.

Sheria ina mlango wa kwanza ambao baadhi yetu huupita bila kuuona. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawakataza watu walioingia kwa viza za muda kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na inawakataza kabisa wasio na kibali cha kuishi. Mwanafunzi anayeachiwa boksi la risasi na mwenzake wa chumba yuko hatarini kwa boksi hilo tu. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, ila majimbo yana masharti yao juu ya hapo. Kwetu Tanzania mlango ni mwingine na ni mwembamba zaidi: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayodai kibali kwa bunduki na kwa risasi zake.

Na risasi ikishachaguliwa, inakaa wapi? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria ya jiji la Washington iliyotaka bunduki ndefu, shotgani zikiwemo, zikae bila risasi na zikiwa zimefunguliwa vipande au zimefungwa kufuli. Kwa hiyo mahakama inaruhusu iliyopakiwa. Wazazi ndio wanaobaki na swali. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Nyumba yenye kijana aliyekata tamaa, au mtoto mdogo anayefungua kila kabati, haina namba ya marisau inayoifaa bunduki iliyoegemezwa nyuma ya mlango. Kuna masanduku ya chuma ya kufungua kwa namba ndani ya sekunde mbili tatu. Ndani ya sanduku, askari wengi huacha chemba tupu, risasi zikiwa kwenye magazini tu, mpaka wakati wa kukoki. Sababu ni ya kiufundi: shotgani nyingi zikidondoka na risasi chemba zinaweza kujifyatua hata kama kufuli ya usalama iliyomo kwenye bunduki imewekwa.

Ukiitoa, chukua na tochi. Tarehe 14 Februari 2013 huko Pretoria, mwanariadha wa Afrika Kusini Oscar Pistorius alifyatua bastola mara nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani ni mwizi. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mahakamani zilizungumzwa mpaka risasi zenyewe, za aina inayopanuka ikigonga mwili, zinazosifiwa kwa sababu hazipiti mbali. Mtu aliyechagua risasi kwa uangalifu wa namna hiyo hakuwa amehesabu walio kitandani. Kijana anayerudi usiku kwa kuruka dirisha kwa kumwogopa baba, shangazi aliyefika kutoka Dar na bado anaishi kwa saa za Dar, jirani mlevi aliyekosea mlango: hawa wote wanasikika gizani sawasawa na mwizi.

Kwa hiyo kabla ya duka, chora nyumba. Weka alama mahali utakaposimama, kwa kawaida kwenye kona ya chumba cha kulala huku simu ya dharura ya 911 ikiwa hewani, na uchore mistari kutoka hapo kwenda kwenye kila mlango. Endeleza kila mstari mpaka nje ya nyumba, uone unapita kitanda cha nani. Wakati mwingine kuhamisha kitanda cha mtoto ukuta wa pili kunaondoa hatari ambayo hakuna risasi ingeiondoa. Upande wenye kabati la vitabu lililojaa ni mzuri kuliko upande wenye picha ukutani. Pima kwa futi ya fundi mstari mrefu kuliko yote, uandike ni mita ngapi.

Halafu nunua aina mbili au tatu za risasi, boksi moja moja, uende uwanja wa shabaha ukiwa umevaa vizuia sauti vya masikioni, maana mlio unavuka desibeli 150 na sikio linaumia kwa mlio mmoja. Weka karatasi kubwa kwa umbali ule ule ulioupima nyumbani. Fyatua mara tatu kwa kila aina, kila mara kwenye karatasi mpya, na uzungushe duara kwenye matundu. Mitutu miwili ya modeli moja, hata kama ilitoka kiwandani wiki moja, inaweza kupenda risasi tofauti, hivyo karatasi ya rafiki yako haikusaidii. Kwa bunduki moja utaona aina hii imeyakusanya marisau yote kwenye kiganja cha mkono, na ile imetupa punje mbili pembeni. Ukipata inayokusanya, fyatua nyingine za kutosha kuhakikisha haikwami, kisha andika kwenye karatasi jina la risasi, umbali na tarehe, uikunje na kuiweka ndani ya boksi. Risasi zilizokaa kwenye magazini zibadilishe mara moja kwa mwaka, kwa sababu springi huyabonyeza maganda ya plastiki taratibu mpaka yakaanza kukwama. Zile za zamani zitumie siku hiyo hiyo uwanjani, kwenye karatasi nyingine, kwa umbali ule ule.